Paneli za Safari ya Sakania

Gari liliingia uwanjani kwetu mchana mmoja wa Mei, likitoa moshi, na mume wangu akashuka na lile tabasamu la mtu aliyefanya jambo kubwa bila kuuliza nyumbani. Lilikuwa gari la kulala safarini, lile ambalo Wazungu huzunguka nalo dunia: ndani kuna kitanda, sinki dogo, jiko la gesi na makabati ya mbao. Wenyewe, mke na mume kutoka Ulaya, walifika nalo mpaka Lubumbashi, kisha wakachoshwa na barabara, au wakachoshana wao kwa wao. Mume wangu hakujali ni lipi. Walimwuzia gari, wakaenda Luano kupanda ndege.

“Ni ya Papa,” akasema kabla sijafungua mdomo.

Basi sikuufungua. Yeye alijua, nami nilijua, kwamba kwa neno hilo alikuwa amenishika.

Papa ni baba yangu. Maisha yake yote ya kazi aliendesha treni, na baba yake kabla yake alitandika reli. Mapafu yake yameharibika. Daktari anasema ni vumbi na moshi, mwenyewe anasema ni uzee, na mimi sioni faida ya kuwaamua. Anavuta hewa kwa mashine ndogo yenye ukubwa wa mkoba wa mwanamke, ambayo mdogo wangu aliituma kutoka Ubelgiji. Inakusanya oksijeni na kuipitisha kwenye mrija mpaka puani mwake. Inakula umeme usiku na mchana. Nyumbani tuna betri kubwa za kutusaidia umeme wa mji unapokatika, yaani karibu kila siku. Nje ya nyumba mashine inategemea betri yake yenyewe, ambayo inatosha misa ya Jumapili endapo mahubiri hayatakuwa marefu. Padri wetu anapenda kuongea. Kwa hiyo Papa huondoka kabla ya matangazo.

Dada yake mkubwa, shangazi yangu, anaishi Sakania, karibu na reli. Magoti yake hayamruhusu tena kupanda gari la abiria, na pumzi ya Papa haimruhusu kumfuata. Kila jioni wanapigiana simu na kupiga kelele, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amekuwa kiziwi. Tangu mashine ifike hawajaonana. Siku moja baada ya Pasaka, Papa aliweka simu chini, akaniita.

“Mama,” akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. “Minataka nilale Sakania, hata busiku bumoya tu. Kisha nitarudia kukaa hapa.”

Tangu mama yangu afariki hakuwa ameniomba kitu. Hata chumvi mezani huinuka kuifuata mwenyewe, na mrija wake nyuma. Nilimjibu kwamba tutaona, jibu ambalo kwetu lina maana ya hapana. Mume wangu alikuwa mlangoni akisikia, na kumbe yeye alikuwa ameanza kutafuta gari.

Gari lenyewe lilikuwa zuri, sitalinyima haki yake. Maajabu yake yalikuwa paa. Ukifungua vifungo viwili ndani na kusukuma kidogo, lilipanda upande wa nyuma, likisaidiwa na vyuma viwili vya gesi kama vile vinavyoshikilia buti la gari dogo likiwa wazi. Pembeni lilizungushiwa turubai lenye madirisha ya wavu. Likiwa juu, mtu anasimama wima ndani na upepo unapita. Huko juu kulikuwa na kitanda cha pili. Likiwa chini, unatembea umeinama, na dari inakugusa nywele.

Betri ya gari iliweza kuibeba mashine ya Papa usiku mzima, lakini mchana lazima ijazwe tena, na kwa Shangazi umeme ni mgeni anayekuja akitaka. Paneli ya jua ya wale Wazungu ilikuwa ndogo, ya kuchaji simu tu, tena ilikuwa imepasuka. Swali likabaki: paneli gani?

Hapa lazima nimweleze mume wangu. Anauza misumari, mabati na nondo. Wazazi wake walitoka Kasai, wakaanza biashara na kikapu kimoja, naye amerithi kwao imani isiyotikisika kwamba kitu kisichofungwa kwa chuma si chako. Nyumba zote za Lubumbashi zina vyuma madirishani, hilo ni jambo la kawaida. Yetu ina vyuma kuzunguka jenereta, kuzunguka pampu, na kuzunguka tangi la maji ambalo mwizi angehitaji kreni kulibeba. Mwaka nilipougua malaria na kulala siku nyingi, nilimwomba tu asiniitie fundi wa kuchomelea.

Tulikwenda pamoja kwenye duka la sola mjini. Muuzaji alikuwa bwana mwenye maneno matamu na viatu vinavyong’aa. Alituonyesha aina tatu: za kioo zenye fremu ya alumini, nzito, zenye nguvu; nyembamba za kubandika kwa gundi, zinazopinda; na za kukunja, zilizoshonewa kwenye kitambaa kigumu, zinazofungwa kama mkoba. Nilimwuliza kama paa la kuinuka litaweza kubeba kioo.

“Haina shida, Mama.”

“Na kama inakataa kupanda?”

“Haina shida.”

Nilianza kushuku kwamba hata duka likishika moto halingekuwa na shida. Lakini mume wangu alikuwa amekwisha kuamua.

“Paa haitapanda,” akaniambia, “na haipaswe kupanda. Nani atalala kule yulu?”

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Kwetu ukwe ni heshima mpaka unachosha. Miaka yote ya ndoa yetu, mume wangu hajaketi na Papa kwenye kochi moja, wala hajapita mbele yake amevaa kaptula. Alale juu ya kichwa cha baba mkwe, miguu yake ikining’inia karibu na uso wa mzee asubuhi akishuka? Hata kulitamka aliona haya, akaangalia pembeni. Nami pia, mwanamke mtu mzima, siwezi kulala juu ya kichwa cha baba yangu. Basi kitanda cha juu hakikuwa na mwenyewe. Na kama kitanda hakina mwenyewe, paa la nini kupanda? Lifungwe moja kwa moja, lipigiliwe paneli za kioo, kubwa kabisa, na juu yake kizimba cha chuma.

Hoja ilikuwa imenyooka. Njia nzima ya kurudi nilitafuta kosa ndani yake nisilione, na hilo ndilo lililoniudhi.

Fundi alichomelea kutwa. Majirani walikuja kutazama cheche. Kizimba kilipokamilika, gari lilionekana kama linapelekwa vitani. Nilimwonyesha mume wangu jinsi kila nondo ilivyotupa mstari wa kivuli juu ya kioo, nikamwambia kivuli kinakula umeme.

“Kivuli inakula kidogo,” akasema. “Mwizi anakula yote.”

Tulifanya jaribio siku ya Jumamosi, alasiri. Papa alivaa koti lake la misa. Aliinama, akaingia, akalala kitandani, nami nikaunganisha mashine kwenye betri ya gari. Taa ya kijani ikawaka. Nikafunga mlango kama alivyotaka, kwa kuwa huko Sakania usiku angeufunga. Mume wangu alisimama nje, mikono nyuma, akingoja. Alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya shughuli hiyo.

Haukupita muda, tukasikia kugongwa.

Papa alitoka uso wake umegeuka rangi ya majivu. Aliketi kwenye kidato cha mlango na mashine mapajani, ikinguruma vizuri bila kasoro yoyote. Tulingoja maneno yamrudie.

“Bukwe,” akamwambia mume wangu, yaani mkwe, “kazi yako iko muzuri. Mashine inatembea. Miye njo siwezi.”

“Tuongeze nini, Papa?”

“Apana, hakuna ya kuongeza. Mu pua hewa inafika, lakini kifua inakatala. Ile kitu ya yulu iko karibu sana na uso. Miye nilitumika mu treni nikisimama, bukwe, na dirisha wazi.” Akapumzika. “Muache tu. Yaya ataelewa.” Ndivyo anavyomwita dada yake mkubwa.

Akanipa koti, akarudi kwenye kiti chake cha verandani, pale waya unapofika ukutani. Jioni ile hakupiga simu. Shangazi akanipigia mimi, akauliza kama ndugu yake ni mgonjwa. Nilimwambia amelala. Alikuwa macho, ameketi mbele yangu, akitazama mikono yake.

Nilikasirika, na sikuficha. Nilimwambia mume wangu kwamba tumenunua umeme ili mzee apumue, kisha kwa uzito wa huo umeme tumemfungia hewa. Nilimwambia mzee wa watu hakuomba gereza, aliomba usiku mmoja kwa dada yake. Mume wangu alikwenda akasimama karibu na gari, akashika nondo moja, akaitikisa kidogo kama anayepima uimara wake. Ilikuwa imara. Nilimwonea huruma na sikumwambia.

Jumatatu alimleta fundi yuleyule, akasimamia mwenyewe kukatwa kwa kizimba, kutolewa kwa paneli na kufunguliwa kwa paa. Kisha alileta kutoka dukani mizani ya kupimia misumari. Kwa mara ya kwanza katika jambo lile, tukapima. Tulipima paneli ya kioo. Tukainua paa likiwa tupu, tukaanza kulipanga pakiti za misumari mgongoni, moja baada ya nyingine, yeye juu ya ngazi, mimi nikimpa. Hatukufika hata nusu ya uzito wa paneli moja. Paa lilitetemeka, likashuka taratibu bila kelele, likajifunga. Mume wangu alibaki juu ya ngazi na pakiti mkononi.

“Bon,” akasema.

Paneli za kioo zilikwenda juu ya nyumba yetu, na kizimba chake, mahali panapokistahili.

Zikabaki aina mbili. Nyembamba za kubandika zilikuwa nyepesi na nilizipenda kwa macho. Lakini nilirudi dukani saa ya jua kali, nikakuta moja imelazwa nje kama tangazo, nikaweka kiganja juu yake. Niliondoa haraka. Paa la gari ni la plastiki, na chini ya joto lile ndipo kichwa cha Papa kingekuwa. Tena kitu kilichobandikwa kwa gundi hakibanduki, kikiharibika kimeharibika hapo hapo. Tena paa likiinuka linaelekea upande mmoja, na kwa Shangazi gari linaingia kwa njia moja tu, limepakana na ukuta. Jua lingepiga mgongo wa paa muda mfupi, kisha lingekwenda zake. Nilimweleza muuzaji yote haya. Sitarudia alichojibu.

Nilinunua za kukunja. Hizo hazigusi paa kabisa. Unazitandaza chini, juani, na waya wake unapita dirishani mpaka kwenye betri. Jua likihama, nawe unazihamisha.

Mume wangu alizishika kwa ncha za vidole.

“Hii mwizi atabeba na mukono moya.”

“Ndiyo.”

“Atakunja, ataweka mu kwapa, ataenda. Hata mbio hatakimbia.”

“Ndiyo. Sasa utachomelea wapi?”

Haki ya Mungu, alizigeuza zote, mbele na nyuma, akitafuta. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

“Nani atakaa pembeni yake kutwa nzima?” akauliza.

Nilimwambia kwamba kila uwanja wa mji huu watu wanaanika mihogo kwenye mkeka, na daima kuna mtu anayekaa karibu kufukuza kuku, wala hakuna anayeiita kazi. Akasema mihogo si oksijeni. Ni kweli, si oksijeni.

Tulijaribu tena uwanjani. Paa juu, wavu wazi, paneli kwenye majani. Papa aliingia akiwa na wasiwasi, nami pia nilikuwa nao. Alisimama wima ndani. Akashika ukingo wa kitanda cha juu kisicho na mwenyewe, akatazama nje kupitia dirisha la turubai, upepo ukimpiga usoni. Akabaki hivyo. Baadaye akaomba chai, na nilipompelekea alikuwa bado amesimama.

“Hii sasa njo cabine,” akasema, akimaanisha chumba cha dereva wa treni.

Jioni ile alipiga simu Sakania. Haikuwa ndefu. “Yaya,” akapiga kelele, “tunakuya!”

Tuliondoka Juni, asubuhi ya baridi. Mume wangu alikuwa na mnyororo na kufuli chini ya kiti, nami nilijifanya sijaona. Tulipita malori ya shaba yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, kisha tukashika barabara ya vumbi. Papa alikaa mbele na mashine mapajani. Kila tulipokaribia reli aliitazama kama mtu anayekagua kazi ya wengine. Aliona majani yameota kati ya mataruma, akatikisa kichwa.

Shangazi alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo. Hawakukumbatiana. Aliutazama mrija, akaufuata kwa macho kutoka puani mpaka kwenye mashine.

“Umezeeka,” akasema.

“Na weye.”

Ndipo Shangazi akanyoosha mkono akamshika sikio, kama alivyomshika zamani alipokuwa akimpeleka shule, akamwongoza hivyo mpaka kivulini. Papa alikubali kuongozwa. Mimi si mtu wa machozi, lakini pale nilihitaji kugeuka na kushughulika na mizigo.

Usiku ule Papa alilala garini, paa juu. Mume wangu alilala sebuleni kwa Shangazi, mbali na macho ya mkwe wake, nami nikajikunja kwenye viti vya mbele nikisikiliza mashine. Haikukatika. Asubuhi nilimkuta Papa amesimama dirishani mwake, amekwisha kusali.

“Mama,” akasema. “Tubakie tena leo.”

Aliomba usiku mmoja, na sasa alitaka wa pili. Nilitazama betri: ilikuwa imeshuka sana. Usiku wa pili ungetoka kwenye jua la siku hiyo, au usingekuwapo. Nilitandaza paneli uwanjani, kando ya mkeka wa mihogo ya Shangazi, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na jua safi. Kijitabu cha maelezo, kilichoandikwa kwa watu wa Ulaya, kilisema zielekezwe kusini. Jua letu la Juni linapita kaskazini, kwa hiyo nilifanya kinyume. Mume wangu akaja na mnyororo wake, akazunguka, akitafuta mti.

Shangazi alikuja na kigoda, akakaa, akauliza hicho ni kitu gani. Nilimweleza: kinakunywa jua, kinajaza betri, betri inaendesha mashine.

“Kumbe hii njo pumuzi yake.”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Na kivuli?”

“Kivuli ikiingia, inapunguka.”

Alitazama chini. Kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimegusa pembe ya paneli. Akainuka kwa shida, akashika kigoda, akazunguka upande wa pili, ambako kivuli chake kilianguka nyuma ya mgongo na jua likampiga usoni. Hapo akakaa, fimbo mapajani. Kuku walikuja kwa ajili ya mihogo. Aliwaachia mihogo, lakini mmoja alipokanyaga ukingo wa paneli alimtupia kiatu. Jua lilipohama, aliniita nizihamishe, kisha akahamisha kigoda chake ili kivuli chake kisizifikie.

Saa sita sikuweza kuvumilia tena. Alikuwa akitoka jasho, kitambaa chake cha kichwa kimelowa. Nilichukua mwavuli, nikaufungua, nikamwendea kutokea upande wa nyumba, na kivuli changu na cha mwavuli vikalala juu ya paneli zote.

“Toka!” akapiga kelele, fimbo juu. “Toka pale! Unasimama mu pumuzi ya ndugu yangu!”

Niliruka kando. Nilimwambia nitamzungukia kwa nyuma, nitamshikia mwavuli vizuri. Akakataa. Upepo utausukuma, akasema, nami sina akili.

Kule juu garini wavu ulifunguka. Papa alikuwa ametoa uso nje, mkono mmoja umeshika ukingo wa paa.

“Yaya,” akaita, “toka mu jua. Utagonjwa. Twende tu leo, haina shida.”

Shangazi hakugeuka hata kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye paneli.

“Nyamaza weye,” akasema. “Pumua.”

Nikafunga mwavuli. Mume wangu, aliyekuwa amesimama muda wote ule karibu na ukuta, aliuweka mnyororo chini, akaingia ndani kutafuta kiti, naye akae pembeni ya paneli.